Ukungu Katika Chumba cha Mama Ndeshi

Niseme mapema, kabla sijasimulia lolote, kwamba mama mkwe wangu hakulazwa stoo. Maneno hayo yalianzia kwenye duka moja la Alief, hapa Houston, pale tunapokwenda kununua ndizi na unga, yakatembea mpaka yakafika mji wa mbali wa Lewisville kwa shemeji yangu, na kila aliyeyapokea aliyatia chumvi. Wa kwanza alisema chumba kina baridi. Wa pili akasema kina baridi na kimeoza. Wa tatu, ambaye ninamjua na simtaji, akasema Theodora amemtupa mama wa marehemu mumewe juu ya gereji pamoja na matairi, bibi wa watu anakohoa damu, na ukuta umetokeza sura ya Melkiori akimlilia mama yake.

Hakuna aliyekohoa damu. Matairi yako chini, karibu na mashine ya kukatia majani. Na ukuta ulitoka ukungu, haukutoka sura ya mtu. Ukungu huota popote penye maji, baridi na giza, wala hauulizi ukoo wa mwenye nyumba. Nimefundisha baiolojia na kemia sekondari ya wasichana kabla sijahamia hapa Marekani, na kuvu ninaijua.

Lakini kwa kuwa maneno yamekwisha kusemwa, na kwa kuwa Mama mwenyewe ameniruhusu, nitaeleza. Nitaanza na yeye, maana wanaomsema hawamjui.

Ndeshi ni mwanamke wa Kibosho. Alifiwa na mumewe angali kijana, akaachiwa watoto, migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili wa zizini. Alfajiri alishuka Moshi mjini kwa miguu na maziwa kichwani, akarudi na daftari na kalamu, na watoto wote wakasoma. Hakuolewa tena. Walikuwapo wanaume waliosema wanataka kumsaidia. Aliwajibu kwamba msaada anaouhitaji ni wa kukata majani ya ng'ombe, anayetaka aje na panga lake. Hakuja hata mmoja.

Hadi leo, kijijini wanamkumbuka kwa usafi. Ua wake ulikuwa umefagiwa kabla watu hawajaamka. Mashuka yalianikwa juani, ya wageni mbele, ya watoto nyuma. Nguo zake mwenyewe, zile ambazo mwanamke hazionyeshi, hakuna aliyepata kujua anazianika wapi. Melkiori alikuwa akicheka: "Nimekulia kwenye ile nyumba, Theodora, na hata kwa kiapo siwezi kukuonyesha kamba ya Mama." Nilipoolewa, hilo ndilo fundisho la kwanza alilonipa mama mkwe wangu, hata kabla ya kunionyesha jiko. Alinipa beseni dogo na mche wa sabuni, akaniambia, "Vyako ni vyako. Unavifua mwenyewe, unavianika penye kivuli cha kanga, mtu asivione. Hata mumeo." Nami nilikuwa na digrii. Nililipokea beseni kwa mikono miwili.

Melkiori alikuwa mhasibu hapa Houston. Alipougua, Mama alikuja kumuuguza, akakaa naye mpaka mwisho. Tulimrudisha nyumbani tukamzika kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, kama inavyopasa. Kila mtu alidhani Mama atabaki huko. Siku ile ninafunga mizigo yangu kurudi, nilimkuta na yeye amefunga wa kwake.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Melkiori amelala penye migomba, na baba yake yuko pembeni. Hana upweke. Wewe ndiye unayerudi kwenye nyumba tupu."

Nayaandika hayo ili ieleweke ni kitu gani kilichosemwa pale dukani. Mwanamke aliyeliacha kaburi la mwanawe ili asiniache mimi, ndiye wanayedai nimemtupa.

Nyumba haikubaki tupu kwa muda mrefu. Binti yangu Glory alihamia kwangu hapa Katy na mumewe, Nyaga, kijana wa Embu, Kenya, muuguzi, mtu wa miguu mirefu na moyo laini. Nyaga alipoingia alisema hawezi kula bure. Akachukua kazi ambayo mimi na Glory tulimwachia bila kubishana: kufua. Kila Jumamosi asipokuwa zamu, anapita vyumbani na kapu, anakusanya, anatia mashine, anakausha, halafu anakaa kwenye kochi mbele ya mpira na kukunja nguo za nyumba nzima. Anakunja vizuri kuliko mimi. Watu wamesema Glory amemlisha kitu. Glory hajamlisha kitu. Kijana alilelewa na mama mwenye akili.

Mama alimpenda mara moja, naye akamwita Shosho, ndiyo bibi kwa kwao. Kwetu bibi ana utani na mume wa mjukuu, naye aliutumia bila huruma.

"Mume wangu," alimwambia, "mbona leo umechelewa? Au umepata mwingine hospitali?"

"Shosho, mimi nitatoa wapi nguvu ya mwingine? Wewe peke yako umenishinda."

"Hiyo ni kweli. Una miguu mirefu lakini pumzi huna."

Walikuwa hivyo kutwa. Sikudhani kungekuwa na kitu baina yao kisichosemeka.

Sasa kuhusu chumba. Nilimpa Mama chumba cha chini, kikubwa, chenye bafu lake. Alilala humo kidogo akakikataa. Alisema hakina asubuhi. Akapanda ngazi mwenyewe, akachagua kile kilicho juu ya gereji, ambacho Melkiori alikitumia kama ofisi, kwa sababu dirisha lake linaona jua likichomoza na linaona watu wakienda kazini. Humo ndani, kwenye kabati la ukutani, lilikuwa bado linaning'inia koti la Melkiori la bluu, lile la kazini. Mama alisema lisiguswe. Ni chumba cha baridi, nakiri: kuta mbili ziko nje, na chini yake hakuna joto la watu, kuna magari tu. Nilimwambia. Alinijibu, "Mimi nimezaliwa chini ya mlima wenye theluji. Unanitisha na baridi ya Katy?"

Zaidi ya hapo, aliziba tundu la hewa lililo darini. Upepo wa mashine ya joto na baridi, alisema, unamkausha koo. Alikunja kitenge, akapanda kitandani na kukisokomeza humo. Nilikitoa. Akakirudisha. Nilikitoa tena, akaniuliza kama siku hizi mkwe anamchagulia mama mkwe hewa ya kuvuta. Nikaacha.

Majira ya baridi yalipoingia, mvua ikanyesha juma baada ya juma. Hapo ndipo Glory alipoona madoa meusi kwenye kona nyuma ya kitanda, madogo madogo, kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Harufu ilikuwa ya gunia la maharage lililonyeshewa. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani. Nilivaa glavu, nikafuta kwa siki, nikakausha, nikavuta kitanda mbali na ukuta. Baada ya muda mfupi madoa yakarudi, na mengine mapya yakaota karibu na mlango wa kabati.

Nilimwita Omer, fundi Msudani anayetengeneza nyumba nyingi mtaani kwetu. Alipanda juu ya paa, akaingia darini, akapapasa mabomba.

"Mama Theodora, paa zima. Bomba zima. Hapa hakuna kinachovuja."

"Sasa maji yanatoka wapi?"

"Maji yanatoka ndani ya chumba. Nani anaoga humu?"

"Hakuna anayeoga humu."

Akainua mabega. Nilimwambia afungue na kabati atazame. Mama, ambaye alikuwa amekaa kitandani na rozari, alisema kwa sauti ndogo kwamba kabati lina vitu vyake, halijapangwa, fundi aje siku nyingine. Omer ni mtu wa adabu. Aliondoka.

Kisha Mama akaanza kukohoa. Nyaga alimsikiliza kifua, akampeleka kliniki siku hiyohiyo. Mapafu yalikuwa safi, walisema, ila chumba kikaushwe au ahamishwe. Nikamwambia ashuke chini. Akakataa. Glory akamsihi kwa Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika, "Bibi, please, ni for your own health!" Akakataa vilevile.

Jumapili baada ya misa mtu alimwona akikohoa, akamwuliza analala wapi, na Mama ambaye hajui uongo akajibu, juu ya gereji. Hilo lilitosha. Kufikia katikati ya wiki simu ililia, na ilikuwa ni Wilbroad, mdogo wake Melkiori, kutoka Lewisville.

"Shemeji, habari za huko. Nasikia Mama anaishi juu ya magari."

"Anaishi juu ya gereji, Wilbroad, kama wewe unavyoishi juu ya jirani yako."

"Mimi nimepanga apatimenti, shemeji. Wewe una nyumba nzima. Watu wanasema—"

"Watu wanasema kwako pia, ila mimi sikupigii simu kukusomea."

Wilbroad akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele, kwamba Jumamosi anakuja kumchukua Mama. Hana ugomvi na mimi. Lakini Mama akifa kwa kukohoa katika nyumba ya Melkiori, ukoo utamwuliza yeye alikuwa wapi.

Nilielewa vizuri uzito wa jambo hilo. Mama akiondoka kwangu na mizigo yake mbele ya majirani, kwa sababu ya ukuta mweusi, hakuna maelezo yatakayofuata nyuma yake yakasikilizwa. Ingekuwa imethibitika: mjane alimchoka. Na jina litakalochafuka si langu tu. Ni la Melkiori, aliyenioa, na la Glory, ambaye bado ana maisha marefu ya kuishi kati ya watu hawahawa.

Nilitegemea Mama mwenyewe amkatalie Wilbroad. Nilipompa habari, aliutazama ukuta, hakunitazama mimi.

"Labda ni vizuri niende," alisema.

"Mama?"

"Labda ni vizuri, mwanangu. Mimi nikiondoka, patatulia."

Sikujua kitakachotulia ni nini, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe na mwanawe sikuthubutu kumwuliza. Nilishuka ngazi, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Ijumaa Glory alikuwa anakwenda Alief. Mama akamwita mlangoni. "Mjukuu wangu, usisahau mche wa sabuni."

Glory alinigeukia jikoni. "Mama, mbona Bibi anamaliza sabuni hivyo? Juzi tu nilimletea. Anakula?"

"Labda anaoga nayo," nilisema. Lakini neno lilibaki kichwani. Katika nyumba yenye mashine ya kufulia, nani anamaliza miche ya sabuni?

Jumamosi Wilbroad alifika kabla ya chakula cha mchana na gari kubwa la kubebea mizigo. Alikula vizuri, maana kwangu mgeni hata akija na shari anakula kwanza. Kisha tukapanda wote juu. Aliuona ukuta.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni ukungu."

"Naona ni ukungu. Basi tusipoteze muda. Mama, kaa pembeni, nitoe vitu kabatini nipakie."

Mama alivuta kiti, akakiweka mbele ya mlango wa kabati, akakikalia. Alikuwa amejifunga kanga mbili na kuvaa sweta, mikono juu ya magoti, kama mtu anayelinda lango.

"Nguo zangu nitapanga mwenyewe."

"Mama, ni mimi. Ni mwanao wa kunizaa."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Unaficha nini humo, Mama? Kama ni dawa za kienyeji umeletewa, sema, hatutagombana."

"Wilbroad!" nilisema.

"Shemeji, niache. Watu wanasema ukuta una uso. Sasa naona Mama analinda kabati. Mimi nifikirie nini?"

Aliposema uso, Mama alifumba macho.

Na hapohapo mlango ukasukumwa na Nyaga akaingia na kapu lake la plastiki, jezi ya mpira mwilini, hajui lolote.

"Sasa wazee, mko aje? Shosho, uko na nguo za kufua? Nataka kuweka load ya mwisho. Utanitolea hapo kwa kabati, ama nichukue mimi mwenyewe?"

Mama alishika mlango wa kabati kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Sijawahi kuona hofu kama ile kwenye uso wake, hata hospitali. Midomo yake ilitafuta utani, haikuupata.

"Sina nguo, baba," alisema. "Zote ni safi."

Hapo nikaelewa. Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja, sabuni, maji ya dirishani, kabati, na nikaona aibu kubwa inamkaribia yule mwanamke kutoka pande mbili, mwanawe upande huu na mume wa mjukuu upande ule, na wote wawili wanampenda.

"Nyaga," nilisema kwa sauti ya darasani, "weka kapu chini. Mchukue baba mdogo mwende dukani mkanunue mashine ya kunyonya unyevu. Kubwa. Mkiikosa duka la kwanza mtafute la pili."

"Sasa hivi, Mum?"

"Sasa hivi."

"Shemeji, mimi nimekuja kumchukua Mama," Wilbroad alisema.

"Na Mama atakuwa hapahapa mkirudi. Akisema anakwenda, nitambebea sanduku mimi. Nendeni."

Nilingoja mpaka gari lilipotoka. Glory nikamtuma akatazame chungu. Nikafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, nikapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama. Inuka. Tuko wawili."

Aliinuka polepole. Nilifungua kabati. Mkanda wa sanduku la safari ulikuwa umefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, umenyooka kama kamba ya fundi, na juu yake vilikuwa vimeanikwa vitu vyake, vimefunikwa kwa kanga, maji yakidondoka kwenye beseni. Mvuke wake ulinipiga usoni. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa mweusi. Masanduku yalikuwa na unga wa kijani. Na koti la Melkiori, pembeni, lilikuwa limeota utando mweupe kwenye kola.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu yule kijana aanze kufua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mume wa Glory ana moyo mzuri. Anakuja na kapu anacheka, 'Shosho, leta.' Siku moja nilisahau nikampa kapu zima. Nikashuka, nikamkuta kwenye kochi." Alijifunika uso kwa kanga. "Anatazama mpira, Theodora. Anatazama mpira, na mikononi anakunja vyangu. Anavinyoosha hivi, hivi, pembe kwa pembe."

Nisingecheka mbele ya Mama kwa chochote duniani. Lakini nilianza kutetemeka mabega, naye akaniona.

"Unacheka."

"Sicheki, Mama."

"Unacheka! Na alikuwa na wageni, wale wauguzi wenzake wa Kenya. Wamekaa wanakula karanga!"

"Lakini si unamtania, 'Mume wangu, mume wangu'?"

"Mdomo nitamtania mpaka kufa. Nguo zangu hazitaniwi."

Tulicheka mpaka tukakaa chini sakafuni. Nje hairuhusiwi kuanika, sheria za mtaa wetu zinakataza kamba hata nyuma ya nyumba, na Mama alikuwa ameshaonywa na mimi mwenyewe. Kutumia mashine asingeweza bila Nyaga kumkuta hapo. Akafanya alivyofanya maisha yake yote: beseni bafuni, sabuni ya mche, kivuli cha kanga. Kila siku. Nyumbani upepo wa mlima ungeyachukua maji yale. Hapa palikuwa na kabati limefungwa, tundu la hewa limezibwa, na kuta mbili za baridi.

"Maji hayapotei, Mama," nilimwambia. "Yakitoka kwenye nguo yanakuwa hewani, halafu yanatafuta mahali pa baridi pa kutua."

"Kama umande kwenye majani ya mgomba."

"Kama umande. Ukutani yakikaa siku nyingi, ndipo ukungu unaota."

Mama akanyoosha mkono, akaigusa kola ya koti kwa kidole kimoja.

"Na hii?"

"Hii pia. Ni maji tu na giza."

"Basi si yeye?"

Sikumwelewa mara moja.

"Kanisani waliniambia. Kwamba ni Melkiori, ukutani. Kwamba ananung'unika kwa sababu nimemwacha kule nikaja huku." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nilijua ni maneno ya wajinga. Lakini kila ulipofuta, alirudi. Mpaka kwenye koti lake. Nikasema, basi niondoke hapa, niende kwa Wilbroad, labda ataridhika, asiusumbue na moyo wako."

Nilimshika mikono. Ilikuwa baridi, na ilinuka sabuni.

"Si yeye, Mama. Ni beseni."

"Ni beseni," alirudia. Halafu akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mtungi kutoka kichwani. "Mungu ashukuriwe. Ni beseni."

Tulifanya kazi haraka, kama wezi. Tulivua vitu vyake kwenye mkanda, nikampeleka chumba cha mashine, nikamwonyesha: hapa unatia, hapa unabonyeza, hapa unakausha. Alitazama kioo cha mashine nguo zikizunguka, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Na hakuna anayeona?" Nikamwambia kuanzia leo mlango huu utakuwa na komeo. Juu, nilivuta kile kitenge kutoka kwenye tundu la hewa, na safari hii hakubisha. Tuligeuza tu vibao vya tundu upepo usimpige kooni. Glory alipanda na siki na vitambaa. Koti tulilitoa nje juani, likapigwa brashi, nalo likapona.

Wilbroad na Nyaga waliporudi na mashine ya unyevu, walimkuta Mama amekaa jikoni anamenya ndizi.

"Mama, uko tayari?" Wilbroad aliuliza.

"Tayari kwa nini? Kaa ule."

"Tulikubaliana twende Lewisville."

"Lewisville nitakuja Pasaka, kuwatembelea. Hapa ndipo ninapokaa."

Wilbroad akanigeukia. "Shemeji, na ukuta?"

"Tumejua sababu. Kulikuwa na nguo mbichi ndani ya kabati, hewa imezibwa. Kumefunguliwa. Utakauka."

"Nguo gani?"

"Nguo, Wilbroad."

"Nauliza tu, nguo za nani, maana watu wataniuliza—"

"Wilbroad," Mama alisema bila kuacha kumenya, "mkono wako uko karibu na mwiko. Nipe mwiko."

Alimpa mwiko. Aliondoka jioni na gari lake tupu, ndizi za kutosha kwenye kiti cha nyuma. Mlangoni aliniambia, "Nimekukosea, dada." Nilimwambia aendeshe taratibu.

Mashine ilijaza ndoo yake, ikajaza tena. Mwishoni ikawa inatoa maji kidogo tu. Ukuta ulikauka, Omer akaja kupaka rangi, na kikohozi kikaisha hata kabla rangi haijakauka. Mama yuko chumba kilekile, na jua lake la asubuhi.

Limebaki jambo moja la kuongeza, kwa sifa ya mtu. Siku chache baadaye Nyaga alituambia mezani kwamba zamu zimemzidi, kuanzia sasa atafua zake na za Glory peke yake, kila mwenye nguo ajitegemee. Alisema akitazama sahani. Zamu zake hazikuwa zimebadilika. Ratiba ipo kwenye friji, naijua. Na asubuhi iliyofuata mlangoni kwa Mama kulikuwa na kapu jipya, dogo, lenye mfuniko. Hakuna aliyesema limetoka wapi. Mama alilitazama, akalitazama tena, akaliingiza ndani.

Kisha akaita kutoka juu ya ngazi, kwa sauti yake ya zamani: "Mume wangu! Chai imepoa, au leo umekunywa kwa yule mwingine?"

Huo ndio ukweli wa chumba cha Mama Ndeshi. Wapo ambao, hata baada ya kusikia haya yote, bado wananisimamisha pale dukani Alief, mkono kwenye kikapu changu, kuniuliza zilikuwa nguo gani hasa, na kama yule kijana alijua. Zilikuwa nguo. Kama alijua au hakujua ni jambo la nyumba yangu. Sisemi zaidi.